Koti la Mvua la Chiriku

Gerezani, 4 Machi

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, kikohozi kimeniacha, na meno ninayo yote isipokuwa lile ulilokuwa ukilicheka. Shemeji hajambo? Mgongo wake je? Mwambie alale sakafuni, huo ushauri nimeupata kwa mwenzangu wa humu aliyekuwa mkandaji, si uzushi wangu. Na wewe, ngazi bado unaibeba mwenyewe? Nakuona hapo ulipo, ndoo ya rangi mkono mmoja, ngazi begani, unapanda ghorofa za watu huku unagombana na kila mwenye nyumba. Salamu pia kwa afande anayesoma barua zetu kabla hazijatoka. Afande, mwandiko wangu mbaya, nivumilie.

Sasa nisikilize vizuri. Karakana yetu imepata kazi ya kushona makoti ya mvua kwa ajili ya safari ile ya baiskeli, ya kuichangia wodi ya walioungua. Ndiyo, wodi ile ile walikolazwa wenzangu siku kiwanda kilipowaka na mlango una kufuli, na ufunguo nilikuwa nao mimi msimamizi kwa sababu tajiri alitaka hivyo. Sirudii hayo, unayajua. Niliposikia ni kazi ya wodi ile niliomba niwekwe kwenye cherehani ya kwanza.

Halafu nikakumbuka barua yako ya Januari. Uliniandikia kwamba Chiriku amejiandikisha kwenye safari hiyo pamoja na wenzake wa klabu ya shule. Dada, karatasi ya njia imebandikwa ukutani hapa karakana. Siku ya pili wanapita chini ya ukuta wetu. Ghorofa ya tatu kuna roshani tunakoanika nguo, na ukisimama pembeni kabisa, karibu na bomba, unaiona barabara inavyopinda na kuanza kupanda. Pale hata lori linatambaa. Nilimwacha mwanangu ana miaka minane, sasa ana kumi na saba, na nitamwona kwa macho yangu akipita pale.

Makoti yote ni ya kijivu, ya saizi tatu. Lakini msimamizi wetu amenikubalia nishone moja kwa vipimo, na kofia yake niipige mshono wa uzi mwekundu ili nilijue hata wakipita mia. Nitumie vipimo vya Chiriku. Kifua, kiuno, nyonga, mkono, na kutoka bega mpaka kiuno kila upande peke yake kama nilivyokufundisha, maana hakuna binadamu aliye sawa pande zote.

Tatizo ni moja tu. Pasiponyesha hawatayavaa, watayakunja wayatie begini, na mimi nitatazama wapanda baiskeli mia nisijue wangu ni yupi. Kwa hiyo ninaomba mvua. Na wewe niombee.

Mdogo wako


Nyumbani, 27 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi nyingi, sijui afande alikuwa anabandika bahasha au anapaka ukuta. Nimefurahi kikohozi kimekwisha. Shemeji yako amejaribu kulala sakafuni, ikabidi nimwite jirani tumnyanyue wote wawili. Anakusalimu na anasema huyo mkandaji wako alistahili kufungwa. Usikasirike, anatania.

Kazi ipo. Nimepata jengo la ghorofa nne, kuta za nje zote, rangi mbili. Mwenye jengo anataka limalizike kabla ya Juni na kila siku anakuja kuuliza kwa nini bado, kana kwamba ukuta ni shati, unaufua asubuhi na jioni umekauka. Hali ya hewa huku haieleweki. Asubuhi jua kali, mchana wingu jeusi, ukishuka ngazi kufunika makopo, jua tena. Wewe unaomba mvua na mimi rangi yangu mbichi inachuruzika mpaka barazani. Tusiombe vitu vinavyogongana.

Jirani yetu wa juu, yule mwalimu, amestaafu na amenunua tarumbeta. Sina la kuongeza hapo.

Chiriku hajambo. Matokeo yake mazuri, hasa hesabu. Amekua. Anakula vizuri. Waandaaji wa ile safari wanasema hali ya hewa ikiwa mbaya sana wataiahirisha, kwa hiyo usiweke roho juu mno.

Lile jambo lako nimelisikia. Acha nione.

Dada yako


Gerezani, 19 Aprili

Dada,

Salamu kwenu nyote. Mimi si mgonjwa.

Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa. Humo nimekuta mgongo wa shemeji, tarumbeta ya mwalimu na ghorofa nne za rangi mbichi. Vipimo vya mwanangu sikukuta, hata inchi moja. Unanipiga chenga, dada, na mimi nakujua. Ukiwa na neno baya unaongea habari za hali ya hewa.

Nilitaka kukuficha hili lakini sina tena sababu. Karakana inafungwa. Cherehani zinapelekwa pengine, na sisi wenye vifungo virefu tunahamishwa gereza la mbali, huko ambako barua zinafika zikipenda. Tumeambiwa itakuwa Julai. Ukisafiri kutoka kwako mpaka huko ni safari ya siku tatu kwa basi, na mgongo wa shemeji, na kazi yako, najua hutakuja. Sikulaumu. Nakwambia tu ujue kwamba ile kona ya barabara ndiyo nafasi yangu iliyobaki. Nimebakiza miaka sita. Nikitoka huko Chiriku atakuwa mtu mzima mwenye maisha yake, nitampita njiani nimpishe kama mgeni.

Nikuulize nisichotaka kuuliza. Ananitaja? Nilimpa jina la Chiriku kwa sababu alikuwa hanyamazi, hata usingizini anaropoka. Miaka yote hii Chiriku huyo hajaniandikia hata salamu ya mstari mmoja. Wewe unasema amekua, anakula, matokeo mazuri. Hayo ni majibu ya shule, siyo ya dada.

Mwenzangu wa kitanda cha juu ananiambia niache kutarajia, nitaumia. Nimemwambia nimeumia tayari, sasa naomba vipimo.

Kitambaa cha koti lake nimekiweka pembeni. Hakuna aliyeruhusiwa kukikata.

Mdogo wako


Nyumbani, 10 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Pole. Nilisoma habari za kuhamishwa nikiwa juu ya ngazi, ikabidi nishuke nikae kwenye ndoo. Shemeji yako amelia, na mtu yule halii hata akikatwa. Pole sana.

Haya, vipimo nimekuandikia nyuma ya karatasi hii, vyote ulivyoomba, kila upande peke yake. Nimempima penye mlango wa jikoni. Hakutulia, unamjua, mara anacheka, mara anasema tepu ni ya baridi. Anakusalimu sana. Yuko mazoezini kila siku baada ya shule, jioni anarudi ana matope hadi masikioni. Nimembadilishia tairi la nyuma na breki mpya, kwa hiyo usiwe na wasiwasi na ule mteremko wa kabla ya kona.

Redio inasema mvua za mwaka huu hazitabiriki, huenda Juni ikawa kavu kabisa. Mimi naona afadhali kukauke, barabara ikilowa watu wataanguka. Lakini najua wewe unataka nini. Basi, na inyeshe kidogo, palepale kwenye kona yenu tu, kwingine kukauke.

Wewe jikaze. Usimwonyeshe mtu humo ndani kwamba umekata tamaa.

Dada yako anayekupenda


Gerezani, 29 Mei

Dada,

Vipimo vimefika. Ahsante.

Nilikaa navyo siku nzima kabla ya kushika mkasi. Msimamizi akaniuliza kama karatasi ina kasoro, nikamwambia haina, iko sawa kabisa, sijapata kuona vipimo vilivyochukuliwa kwa uangalifu kama vile.

Koti limekwisha. Kofia ina uzi mwekundu, mishono miwili, nje na ndani. Mabega nimeyafanyia kazi sana. Limepelekwa kwa waandaaji pamoja na mengine, likiwa na namba ya Chiriku kwenye karatasi. Likifika, livaliwe lijaribiwe. Likibana kwapani usilaumu, laumu kitambaa.

Maagizo yangu ni haya, na yafuatwe. Kabla ya kona, breki zikamatwe polepole, ya nyuma kwanza. Akifika konani asitazame juu. Hatanipata, roshani ina wavu na nguo zimejaa, atakachopata ni kuanguka. Ashike usukani atazame barabara. Kutazama ni kazi yangu.

Hapa hakujanyesha tangu mwezi uanze. Kila asubuhi natazama juu kama mtu aliyeibiwa. Jana wingu lilikuja likasimama juu ya ukuta, likaondoka. Nilikaa chini palepale kwenye maji ya kufulia nikalia mbele ya watu, dada, nililia kwa ajili ya wingu. Sijui nimefikaje hapa.

Mdogo wako


Nyumbani, 21 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu kutoka kwa wote. Shemeji yako sasa anatembea wima. Mwalimu wa tarumbeta amejifunza wimbo mmoja, tunaujua wote jengo zima. Unisamehe mwandiko, kifundo cha mkono kimeteguka, niliteleza kwenye ngazi wiki iliyopita. Si kitu, kimefungwa bendeji.

Sasa nikupe habari. Safari imekwisha salama na Chiriku amepita kwenye kona yenu. Najua ulimwona, maana ilinyesha. Siku ya kwanza jua liliwachoma mpaka lami ikanata kwenye matairi. Siku ya pili asubuhi kukawa giza, waandaaji wakasimama kando ya barabara wakibishana kama waendelee au wasubiri, nusu ya watu wakapanda gari la kubeba waliochoka. Chiriku akakataa gari. Walibembelezwa yeye na wengine wachache, wakakataa. Mvua ikashuka si ya kunyesha, ya kumwagwa. Barabara haionekani, tairi la mbele linavutwa na maji huku na huku, mikono imekufa ganzi, breki unaminya na haisikii. Magoti yanawaka moto. Ukivuta pumzi unakunywa maji. Koti lilizuia mvua vizuri sana, mabega yote makavu, halikubana popote, utafikiri limeshonwa kwa kumwagwa juu ya mwili. Kote njiani alikuwa na jambo moja kichwani, afike konani akiwa juu ya baiskeli, asipite pale akiwa ndani ya gari.

Akapita. Anasema aliona kuta na nguo nyeupe nyingi zilizosahauliwa mvuani, basi. Lakini anajua ulikuwepo.

Nitafurahi ukiniandikia kwamba umeridhika. Niandikie kabla hawajawahamisha. Sipati usingizi mpaka nisikie umeridhika.

Dada yako


Gerezani, 6 Julai

Dada yangu,

Salamu kwa shemeji, na hongera kwa mgongo. Salamu kwa tarumbeta.

Wewe ngazi haijawahi kukuangusha. Umeanguka pale konani, kwa sababu ulitazama juu. Nilikwambia usitazame.

Nilijua tangu vipimo. Nimekushonea nguo zako zote tangu tukiwa wasichana, mpaka gauni la harusi, na umekuja kuniandikia mwili wako kwenye karatasi ukidhani sitaujua. Upande wa kushoto kutoka bega mpaka kiuno ni mfupi kuliko wa kulia, kwa sababu ya ngazi. Ungeweza kunidanganya kirahisi kwa kuandika namba yoyote. Lakini wewe ukishika tepu huwezi kuandika uongo, fundi wewe, ukajipima kwa haki pande zote mbili. Na kile kiuno, dada. Mtoto wa miaka kumi na saba mwenye kiuno kile labda mnamlisha saruji.

Siku ile nilipokuwa sikati kitambaa, nilikuwa nakasirika. Nilitaka kuandika karatasi moja tu, niseme usiniandikie tena. Halafu nikaona kwamba kama umefikia kunitumia mwili wako, basi mtoto amekataa, na umekataa kuniambia. Nikakata koti. Bega la kushoto nililiinua kwa pedi ndogo ndani ili likukae sawa. Ndiyo maana halikubana. Nililishona kwa ajili yako na nilijua ni lako.

Lakini bado niliomba mvua. Nilijidanganya, nikasema labda nimekosea, labda Chiriku amerithi bega la mama yake mkubwa. Siku ile tulikuwa wengi roshanini, tumeacha nguo zilowe makusudi ili tuwe na sababu ya kukaa. Zikaja kofia za kijivu, kijivu, kijivu. Kisha ile ya uzi mwekundu. Magoti nje kama mtu aliyekaa juu ya pipa, ulivyokuwa ukiendesha tangu tuko wadogo. Ukainua uso, baiskeli ikakuponyoka, ukalala ubavu kwenye maji. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika, na mvua ile nani angesikia. Ukaamka, ukapanda tena, ukaondoka unayumba.

Mwenzangu wa kitanda cha juu alinishika kiuno, akaniuliza, "Yule ndiye mwanao?" Nikasema ndiye. Wote wakapiga makofi.

Sina hasira nawe. Mwanamke wa umri wako, kwenye mvua ile. Ninachojua ni kwamba nimechoka, na siku hizi nikiamka sitafuti sababu ya kuamka, naamka kwa kengele. Tunaondoka tarehe ishirini. Usimlazimishe mtoto. Mlango niliufunga mimi, watu waliungua, mmoja alikufa, na yeye ndiye anayebaki kuishi nje na jambo hilo, shuleni, madukani, kila mahali. Asipotaka kunitazama ana haki.

Nakuomba kitu kimoja, si barua wala picha. Nataka urefu wake tu. Mpime hata akiwa amelala. Nataka kujua tukisimama pamoja ananifika wapi.

Mdogo wako


Nyumbani, 30 Julai

Kwa afande wa gereza jipya atakayeifungua barua hii,

Shikamoo. Ndani ya bahasha utakuta kamba. Najua kamba hairuhusiwi. Mimi ni fundi rangi, hiyo ni kamba ninayoipaka chokaa ya buluu na kupigia mistari ukutani, ndiyo maana imekuchafua vidole, samahani. Nyembamba, haimfai mtu kutorokea wala kujidhuru, ukiivuta kwa nguvu inakatika. Ni urefu wa mtoto. Kama sheria inakulazimu kuichukua, ichukue. Ila kwanza mpe mdogo wangu aikanyage kwa kisigino, mwenzake mmoja amvutie ncha ya pili juu, aone inamfika wapi. Ni dakika moja.

Mdogo wangu,

Sijui kama hii itakukuta. Shemeji yako mzima. Mkono wangu umepona. Leo sina habari nyingine za kuzungukia, unajua ningekuwa nazo ningezitumia.

Alikuwa amejiandikisha kweli, na mazoezi alifanya kweli. Alipoona njia inapita gerezani, na makoti yanashonwa na nyinyi, akavua namba akaiweka mezani. Darasani kwao kuna binti wa yule mama aliyefariki. Wanakaa dawati moja. Akaniambia, "Mamkubwa, nitapitaje pale nimevaa koti lake, halafu Jumatatu nikae naye?" Nikachukua namba mimi. Kukuandikia kwamba amekataa ndiko kulikonishinda, si baiskeli.

Barua yako ya mwisho niliiacha juu ya meza, sitakudanganya tena, niliiacha makusudi. Aliisoma. Siku mbili alikula chumbani, na mimi nikasema basi, nimeharibu zaidi. Siku ya tatu nilikuwa najiandaa kwenda kazini, nimeshaweka ngazi begani. Akatoka chumbani akasimama penye mlango wa jikoni, kisigino ukutani, macho mbele. Akasema, "Simwandikii. Lakini pima."

Tepu ilikuwa kwenye gari. Niliogopa nikienda kuichukua atabadili mawazo. Nikatoa kamba mfukoni. Nilikanyaga ncha moja, nikavuta, na yeye mwenyewe akashika juu ya kichwa chake pale inapofika, akakata kwa kisu cha mboga. Alama za buluu zilizoko kwenye ncha ya juu ni vidole vyake.

Kisha akaniuliza kama umenizidi kwa urefu au nimekuzidi. Nikamwambia unanizidi kidogo. Akasema, "Basi huenda nimelingana naye," akaenda shule.

Dada yako